Mstari wa Maduhu Kwenye Rejista

Didia, Jumapili, saa tisa alasiri

Milembe,

Sikuulizi hali, maana nimekuona sasa hivi ukipanda bodaboda kwenda Kolandoto kumuaga shangazi yako, na hali yako ni nzuri kuliko yangu. Utarudi jua likizama. Nina saa tatu hivi za kuandika, na nimefunga mlango wa mbele ili asije mtu kuniuliza naandika nini siku ya Jumapili.

Barua hii utaikuta chini kabisa ya begi, ndani ya daftari langu moja la jalada jeusi. Usiisome kwenye basi. Isome ukishapata chumba, ukiwa peke yako. Mambo ya kutunza vyeti, ya maji ya kuchemsha, ya nani wa kumwamini na nani wa kumkwepa huko machimboni, nimeyasema wiki nzima mpaka umeanza kunijibu "ndiyo mama" kabla sijamaliza. Siyarudii.

Naandika kwa sababu ya maneno uliyoyasema Alhamisi. Ulikuwa uani na rafiki yako Nkamba mkimenya viazi vya kuanika michembe, nami nilikuwa ndani nakunja nguo. Nkamba, kama kawaida yake, hakupunguza sauti: "Hivi wewe, umesoma lishe miaka yote hiyo, unaacha kazi za mjini unaenda machimboni kunywesha watoto wa watu uji? Una akili kweli?" Ulicheka. Halafu ukasema, "Nilikula uji wa mdogo wangu, akafa. Acha nikawape wengine." Nkamba akasema, "Mh, makubwa," na nyote mkaendelea kumenya.

Nilikaa chini na shuka mkononi. Miaka kumi na mitatu umetembea na jambo hilo, na hukuwahi kunitamkia. Umelitamka kwa Nkamba, kwa sauti ya mtu anayesema leo jua kali. Nimejua wewe huendi kazini kesho. Unaenda kutumikia kifungo, na kifungo hicho si chako.

Sasa nikueleze ilivyokuwa. Nitafuata daftari hilo jeusi, nililokuwa naandika mambo ya kila siku, kwa sababu kumbukumbu yangu imejifunza kunipendelea, lakini daftari halinipendelei.

Tulipohamia machimbo ya Namba Saba ulikuwa na miaka tisa na Maduhu alikuwa ananyonya. Baba yako alikuwa ametangulia. Alikuwa anashuka kwenye maduara, mashimo ya wachimbaji, na akisikia kuna mahali pengine dhahabu imeonekana anakunja godoro lake anakwenda. Kati ya wiki sita tulikuwa naye wiki moja. Mimi nilikuwa na cheti cha kidato cha nne na mwandiko ulionyooka, na mradi uliofungua kituo cha watoto pale ulikuwa unatafuta mtu wa aina hiyo hasa. Wanawake wa Namba Saba walikuwa wanaponda mawe kutwa, watoto wamelala kwenye vumbi pembeni. Kituo kiliwapokea watoto kuanzia miaka miwili: asubuhi uji wa mahindi, karanga na soya, mchana wali au ugali na maharage, dawa ya minyoo kwa wakati wake. Wale wa chini ya miaka miwili hawakukaa pale. Walikuja mara moja kwa mwezi, siku ya nesi kutoka zahanati, kupimwa uzito, kupewa chanjo na matone ya vitamini.

Niliitwa Mwalimu. Nilikuwa sijawahi kuitwa hivyo na mtu yeyote. Nilishika rejista mbili, ya wakubwa na ya wadogo, na nilizipenda, Milembe. Nilikuwa natumia rula. Palipokosewa sikufuta, nilikata kwa mstari mmoja ili la zamani lisomeke, nikaandika sahihi juu yake. Wageni wa mradi walipokuja na gari lao walikuwa wanaomba kwanza rejista zangu, na walizipiga picha kabla hawajawapiga picha watoto. Ninakwambia hili ili ujue nilianzia wapi kupotea. Nilianzia kwenye kitu nilichokifanya vizuri.

Palikuwa na mwanamke mmoja, Mama Holo. Mwembamba, mpole, mikono imechanika kwa mawe. Holo wake alikuwa na mwaka na kidogo. Siku moja ya nesi, kabla nesi hajafika, nilianza kupima ili nisicheleweshe kazi. Unaujua mzani wenyewe: unaning'inizwa kwenye boriti, mtoto anavalishwa ile kaptula yenye kamba, anatundikwa analia. Nikamtundika Holo. Mwezi uliopita alikuwa kwenye kijivu, chini ya kijani. Siku ile nilipoweka nukta kwenye kadi, ilianguka kwenye nyekundu.

Foleni ilikuwa ndefu, wanawake kama thelathini. Na mimi badala ya kunyamaza, badala ya kumwita pembeni, niligeuka nikasema kwa sauti ya darasani:

"Mama Holo, huyu mtoto amebemendwa."

Unajua neno hilo linavyopiga kwetu. Mtoto anayenyonya akikonda, watu hawaulizi amekula nini. Wanasema wazazi hawakujizuia, au mmoja katoka nje ya ndoa, na mwili wa mtoto ndio umewaumbua. Na wakisema mmoja, hawamaanishi baba.

Wanawake wakacheka. Mmoja nyuma akasema, "Na baba Holo yuko Nyarugusu tangu mwezi wa kwanza!" Mwingine akadakia, "Basi aliyembemenda ana miguu mirefu." Wakacheka zaidi. Mimi nilikuwa na kalamu mkononi, na nilitabasamu. Naandika hivyo kwa sababu ni kweli. Nilitabasamu.

Mama Holo hakulia. Alisema, "Mwalimu, naponda mawe toka saa kumi na mbili asubuhi. Nakula mara moja. Maziwa yatoke wapi?" Akamshusha mtoto mwenyewe, akamfungua kaptula, akaiweka mezani pangu imekunjwa vizuri. Akaondoka. Daftari langu la siku ile linasema: "Watoto 31 wamepimwa. Mmoja mama yake amekataa huduma." Amekataa huduma. Ndivyo nilivyoandika.

Nilijua yaliyo sahihi. Hilo ndilo nataka ulione. Nilikuwa nimehudhuria semina siku tano, na kwenye daftari hili hili nimeandika kwa mkono wangu kwamba mtoto hukonda kwa kukosa chakula na kwa maradhi, na kwamba imani ya kubemenda inawafanya akina mama wafiche watoto wao. Nilipigia mstari maneno "wafiche watoto". Lakini nilikuwa nimezaliwa na lile neno mdomoni kabla ya semina, na siku ile ndilo lililotoka.

Miezi miwili baadaye nilimwachisha Maduhu ziwa. Alikuwa na mwaka na miezi minne. Nilipaka mwarobaini, alilia siku mbili, akaacha. Nilihitaji kutwa nzima ya kazi. Nilimwacha nyumbani na wewe. Ulikuwa unasoma zamu ya mchana, basi asubuhi ulikuwa naye wewe, mchana jirani alimtupia jicho. Nilikuwa naacha uji kwenye chupa ya chai. Uji wa unga wa mahindi uliokobolewa, sukari kidogo, maji mengi ili utoshe mpaka jioni. Ukiumulika unaona chini ya kikombe.

Na mita mia mbili kutoka hapo nilikuwa nakoroga sufuria ya uji wa karanga na soya kwa watoto themanini. Sikuchota hata kijiko kuja nacho nyumbani. Nilikuwa najisifu kwa hilo. Mpishi, Mama Jose, aliwahi kuniambia, "Mwalimu, mpelekee mtoto wako kikombe, haya mabaki tunamwaga." Nilimjibu, "Chakula cha mradi hakitoki nje ya kituo." Akanitazama, akasema, "Haya, mtakatifu." Akamwaga.

Maduhu akaanza kupungua. Niliona mapema, macho yangu yalikuwa yamezoea kazi hiyo. Kilo tisa, halafu nane na nusu, halafu nane na gramu mia mbili. Na hapo, mwanangu, ndipo nilipovuna nilichokuwa nimepanda kwenye ile foleni. Siku ya nesi ilipofika sikumleta. Nilijiona nikimtundika mwanangu kwenye ile kamba mbele ya wanawake wale wale, na baba yako yuko mbali mwezi wa pili, na mimi ndiye Mwalimu. Nilisikia kabisa watakavyosema. Nilijua mpaka nani angeanza kucheka.

Kwa hiyo nikaanza kumpima mwenyewe. Jumamosi mchana, kituo kikiwa kimefungwa, nilikuwa nakuja naye, nafunga mlango, namtundika, naandika kwenye rejista ya wadogo kana kwamba alikuja na wengine. Namba zilikuwa za kweli. Tarehe ndizo zilikuwa za uongo.

Halafu Jumamosi moja akapima kilo nane na gramu mia tisa. Gramu mia saba kwa wiki tatu! Nukta kwenye kadi yake ikapanda ikaingia kwenye kijani. Daftari linasema: "Maduhu amerudi kwenye kijani. Asante Mungu. Mashavu yamejaa." Nilikununulia wewe maandazi mawili siku ile. Labda unakumbuka maandazi, hukujua yalikuwa ya nini.

Umesomea kazi hii, kwa hiyo umeshajua. Mimi nilikuwa na rula na kalamu na nukta kwenye kijani. Nywele zake zilikuwa zimekuwa nyepesi na nyekundu, nikasema ni jua na vumbi. Alikuwa hachezi tena, nikasema ametulia. Miguu ilikuwa inang'aa kama imepakwa mafuta. Alikuwa anaongezeka uzito kwa maji yaliyokuwa yanamjaa mwilini, na mimi nikayaandika kama nyama.

Siku ya nesi iliyofuata, nesi alikuja na picha za kutufundishia. Akasema tusiamini mzani peke yake. Akatuonyesha: shika miguu yote miwili, bonyeza juu ya unyayo kwa dole gumba, hesabu moja, mbili, tatu, achia. Shimo likibaki, huyo hapimwi tena, huyo anakwenda hospitali leo. Niliandika yote. Baada ya somo akafungua rejista ya wadogo, akapitisha kidole, akasimama kwenye jina la Maduhu.

"Mama Milembe, na huyu wa kwako mbona simwoni siku hizi?"

"Yuko vizuri, nesi. Nampima mwenyewe. Si unaona, amepanda."

"Amepanda sana," akasema. "Kwa muda mfupi hivi?"

"Anakula vizuri."

Aliangalia ile namba kidogo. Kulikuwa na watu wengi wanamsubiri. Akasema, "Hongera, basi," akatia sahihi chini ya ukurasa. Simlaumu. Alikuwa amenipa mlango, nami niliufunga kwa mkono wangu, kwa heshima zote.

Jioni ile nilirudi nyumbani nikamkuta amelala kwenye kanga, wewe unamfukuzia nzi kwa daftari la hisabati. Nikakutuma maji. Nilitaka uondoke. Nikashika mguu wake wa kulia, nikabonyeza, nikahesabu tatu. Nikaachia. Shimo likabaki. Nikabonyeza na wa kushoto. Uliporudi na ndoo nilikuwa nimemfunika miguu.

Ilikuwa Jumatano. Hospitali ilikuwa saa mbili kwa gari. Sikwenda. Sitafuti neno la kulainisha hapa. Nilijua, na sikwenda, kwa sababu gari la kwenda hospitali lilikuwa linapakia abiria mbele ya pale wanapoponda mawe. Niliomba ruhusa ya msiba wa uongo, nikasubiri mpaka Jumamosi alfajiri, nikawachukua nyote wawili tukaja huku Didia kwa bibi yako, ambako kulikuwa na ng'ombe wa maziwa na hapakuwa na mtu anayenijua kama Mwalimu. Nilijiambia maziwa yatamrudisha. Nilimpa maziwa siku nne. Alikuwa hawezi kumeza zaidi ya vijiko vitatu. Siku ya tano nikamkimbiza Kolandoto. Daktari alimshika mguu, akabonyeza kama nilivyofundishwa, akaniuliza, "Mama, mlikuwa wapi muda wote huu?" Nikasema, "Sikujua, daktari."

Maduhu alifariki kesho yake mchana. Hapo hospitali walifanya kila walichoweza, usije ukamlaumu mtu.

Sasa nafika kwako.

Siku ya mazishi wanawake walikuwa wamekaa jikoni kwa bibi yako, wewe uko mlangoni unasugua sufuria. Bibi yako hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na uchungu na alitaka kujua. Akakuita.

"Wewe, nani alikuwa anamlisha mtoto?"

Ukasema, "Mimi, bibi."

"Na wewe asubuhi ulikuwa unakula nini?"

"Uji."

"Uji gani?"

"Wa Maduhu. Ukibaki."

Ulijibu ukweli, kama nilivyokuwa nimekufundisha. Bibi yako akapiga makofi mara moja, akawageukia wenzake: "Mmesikia? Dada mtu amekula chakula cha mtoto." Mmoja akasema, "Watoto hawana akili, msimwonee." Lakini lilikuwa limeshasemwa. Wewe uliniangalia. Nilikuwa nimekaa hatua tatu kutoka kwako, kitambaa kichwani, na uliniangalia ili niseme kitu.

Niliinamisha uso.

Daftari la siku ile ni mistari mitatu: "Mvua kidogo asubuhi. Watu wengi. Mama amesema maneno kuhusu Milembe, sikujibu." Nimeusoma ukurasa huo mara nyingi kuliko Biblia. Ningejibu, wangeniuliza basi ni nini kilichomuua. Na ningelazimika kusema. Nilikuwa na miaka ishirini na tisa na wewe tisa, nikakuacha ulibebe wewe kwa sababu ulikuwa mdogo na nilifikiri utasahau.

Sikiliza. Je, ulikula uji wake? Ulikula. Ulimpa kikombe kimoja asubuhi na kingine kabla ya shule, na akishiba au akikataa, ulimaliza wewe. Alikuwa anakataa kwa sababu alikuwa mgonjwa. Wewe ulimaliza kwa sababu ulikuwa na njaa, na hakukuwa na kingine ndani ya nyumba, na njaa yako ilikuwa juu yangu kama ilivyokuwa yake. Na ule uji hata angekunywa wote mpaka tone la mwisho, ulikuwa ni maji meupe. Umesomea, piga hesabu mwenyewe. Usiniamini mimi, mimi si wa kuaminiwa kwenye jambo hili. Amini ulichosoma.

Bibi yako amekufa akiamini vile. Hilo siwezi kulirudisha. Baba yako naye anajua ya bibi yako tu. Nitamwambia kesho ukishaondoka. Nimeanza na wewe.

Mwaka jana nilikutana na Mama Holo sokoni Shinyanga. Alikuwa anauza michembe na mboga kavu, amenenepa. Yeye ndiye aliyenitambua.

"Mwalimu! Kumbe bado upo duniani!"

Pembeni yake alikaa msichana wa sare ya sekondari, anafunga mafungu. Akaniamkia, "Shikamoo." Nikaitika marahaba, nikamwangalia mama yake.

"Ndiyo huyo," akasema Mama Holo. "Wako wa nyekundu."

Yeye akaendelea kupanga michembe yake, anacheka kidogo. "Unajua siku ile nilikwenda wapi? Nilimfuata nesi zahanati moja kwa moja. Si kwa ajili ya mtoto, nisikudanganye. Nilikwenda kukushitaki. Nilitaka akutukane kama ulivyonitukana. Yeye akamwangalia Holo, akatupakia kwenye pikipiki. Tulilazwa wiki tatu." Halafu akauliza, bila ubaya wowote, "Na yule wako mdogo, yuko darasa la ngapi?"

Nikasema, "Alifariki. Mwaka ule ule."

Mikono yake ikasimama. "Sikusikia," akasema. "Pole, Mama Milembe. Ningekuja."

Angekuja, Milembe. Yule ambaye nilimficha mtoto wangu kwa kumwogopa yeye na wenzake, angekuja kukaa chini na mimi. Aliniongezea fungu moja la michembe, akanikataza kumshukuru.

Sina mengi ya kukufundisha kuhusu kazi yako. Unajua kuliko nilivyojua mimi, na una vifaa ambavyo sikuwa navyo. Nasema tu yale ambayo hayakuwa kwenye semina. Mama akija na mtoto aliyekonda, atakuwa amepita mbele za watu wengi mpaka kukufikia, na amechagua wewe. Muulize kwanza yeye amekula nini leo, na umuulize kwa sauti ndogo. Mzani mtundike mahali ambapo foleni haioni. Asiyekuja siku ya nesi, mfuate, hasa akiwa ni mke wa mwenyekiti, au nesi, au mwalimu, au mtu yeyote mwenye jina la kulinda. Na ukiona rejista yako inapendeza sana, ifunge, ukawashike watoto miguu.

Na usiende kule kulipa. Mtu anayelipa huangalia roho yake kuliko anavyomwangalia mtoto aliye mbele yake. Mimi nilikuwa najiangalia mimi tu, na umeona mwisho wake.

Lipo jambo moja ninalokuomba, na unaweza kukataa.

Umeniambia kituo utakachokwenda kina stoo yenye masanduku ya bati ya vituo vya zamani vilivyofungwa, na Namba Saba ni mojawapo. Kama mchwa hawajayamaliza, humo mna rejista ya wadogo, jalada la kijani, mwandiko wangu. Baada ya mazishi nilirudi kazini miezi minne kabla sijaacha. Mwezi wa kwanza tu wa kurudi, wageni wa mradi walikuja, wakanipa kanga na cheti kwa kutunza rejista bora kuliko vituo vyote vya eneo lile. Nilipokea, nikapigiwa makofi. Rejista ilikuwa wazi mezani. Kwenye mstari wa Maduhu nilikuwa nimeandika zile namba zangu, na kwenye safu ya mwisho, ambapo tulikuwa tunaandika mtoto amekwenda wapi, nilikuwa nimeandika kwa mwandiko mzuri: "Amehama."

Ukiikuta, tafuta jina lake. Kata neno hilo kwa mstari mmoja, kwa rula, lisomeke. Juu yake andika "Amefariki." Kwenye safu ya sababu andika "Utapiamlo, kuvimba, alifichwa na mzazi." Panapotakiwa jina la mtoa taarifa, usiandike lako. Umeshika nafasi yangu muda mrefu. Andika langu, majina yote matatu.

Naisikia pikipiki huko barabarani. Nakwenda kufungua mlango.

Mama yako